Korosho Zikiisha, Nina Kazi au Sina?

Shikamoo mama,

Nina miaka 28. Naishi kijijini wilayani Newala na mama yangu mzazi pamoja na mwanangu wa kike, ambaye ana miaka minne. Baba yake alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji kutafuta maisha na hajarudi. Hatumtegemei, na barua hii haimhusu.

Nilimaliza stashahada ya ualimu wa sekondari mwaka 2019, masomo ya Kiswahili na Historia. Tangu hapo nimeomba kazi kila tangazo lilipotoka. Wanaotakiwa zaidi ni wa Fizikia na Hisabati. Sisi wa sanaa tuko wengi mno, na kila nikifungua mfumo wa maombi nakuta jina langu liko palepale nilipoliacha.

Miaka michache iliyopita alipita kwetu mdadisi wa takwimu, kijana mpole mwenye kishikwambi. Akaniuliza kama katika siku saba zilizopita nimefanya kazi yoyote ya malipo au ya faida, hata kwa saa moja. Ilikuwa Novemba. Wiki ile nilikuwa nimeokota korosho siku nne kwenye shamba la jirani, basi nikajibu ndiyo. Akagusa kioo, akaenda swali jingine. Nilitamani kumwambia arudi Machi.

Mama, sijui kama umewahi kuiona Machi ya kwetu. Kifuku, yaani msimu wetu wa mvua, kimeshika, ghala la chama cha msingi cha ushirika limefungwa, vijana wa bodaboda wamelala juu ya pikipiki zao, fundi cherehani kaifunika cherehani yake kwa khanga. Ukimuuliza mtu siku hizi unafanya nini, anakujibu "tupo tu". Watu ni walewale uliowaona Novemba wakibeba magunia na kununua mabati.

Asubuhi nafundisha kwa kujitolea shule ya sekondari ya kata. Wazazi walikubaliana kunichangia shilingi 60,000 kwa mwezi. Oktoba, Novemba na Januari naipata. Februari naipata nusu. Kuanzia Machi mwenyekiti wa wazazi ananikwepa njiani, na mimi namwelewa, maana na yeye hana. Kwa hiyo hata ualimu wangu unazaa na kupukutika pamoja na mikorosho.

Sasa yamenifika mawili kwa pamoja. Mwezi uliopita mjomba, kaka yake mama, aliniita. Ana miaka 74 na miguu imemgomea. Ana shamba la ekari nne, mikorosho 90 inayozaa, na msimu uliopita alipeleka ghalani kilo 540. Akasema, "Chukua shamba ulitunze, na nikifa ni lako. Sharti langu moja, usiondoke. Shamba halitunzwi kwa simu." Anataka jibu kabla korosho hazijaanza kudondoka. Watoto wake wawili wako mjini na hawajawahi kushika mashine ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa, lakini habari zilipowafikia, mkubwa alimpigia mama simu akauliza kwa nini mali ya baba yao iende kwa mpwa. Kwetu mpwa kurithi kwa mjomba si jambo geni, ila siku hizi wengi wanasema hiyo ni mila ya zamani.

La pili ni mdogo wangu wa kiume. Anakaa Mbagala, anauza viatu vya mtumba Kariakoo. Ananiambia kuna rafiki yake anaachia meza ya nguo za watoto, nikipata 400,000 naingia. Mimi sina. Mama ana 250,000 kwenye kikoba, na amesema yuko tayari kunipa na kubaki na mtoto. Nikifikiria hela ile naogopa. Mwaka juzi Aprili mwanangu alishikwa na malaria kali, ndani hatuna kitu, mama akachukua 100,000 kwa mtu kwa makubaliano ya kumpa gunia moja la korosho Novemba. Gunia lile lilipopimwa, thamani yake ilikuwa zaidi ya mara mbili. Kangomba ile ndiyo iliyomfanya mama ajiunge na kikoba.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Msimu uliopita, Jumamosi moja, nilikuwa kibarua kwenye shamba la watu. Nimeinama na ndoo, nikasikia "shikamoo madamu". Alikuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, na shamba ni la baba yake. Jioni baba yake alinihesabia hela mbele yake. Jumatatu niliingia darasani nikashindwa kutazama upande aliokaa.

Nibaki na shamba na kujitolea, au niende Dar es Salaam nimwachie mama mtoto? Na naomba unijibu na hili, kwa sababu linanikosesha usingizi kuliko hayo mengine: mimi nina kazi au sina?

Madamu wa Newala

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa mzigo, na hongera kwa kuueleza bila kumlaumu mtu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye ile ndoo. Nitaifikia. Kwanza niseme nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea.

Juu juu unachagua kati ya Newala na Dar es Salaam. Ndani yake naona binti aliyesoma kwa bidii akaahidiwa kwamba elimu itamwondoa kwenye msimu, na sasa kila mlango anaogonga umeshikiliwa na msimu uleule: kibarua, mchango wa wazazi, dawa ya mtoto, hata akiba ya mama. Unachokitafuta ni mwaka wenye miezi 12. Nikikuelewa hivyo, swali lako la mwisho ndilo nianze nalo.

Yule kijana wa takwimu hakukuonea. Swali la siku saba na saa moja ndilo linaloulizwa duniani kote, ili nchi ziweze kulinganishwa. Kwa kipimo hicho ulikuwa na kazi Novemba ile, na pengine hata Machi ungehesabiwa hivyo kama ungekuwa umepata palizi ya asubuhi moja. Nchi yetu imekuwa na kipimo chake cha pili, kilicho mkali zaidi, ambacho kinawaweka miongoni mwa wasio na kazi hata wale waliochoka kutafuta ingawa wako tayari, na wale ambao shughuli yao imesimama bila uhakika wa kurudi. Ndiyo maana kila utafiti wa nguvu kazi, kama wa 2014 na wa 2020/21, hutoa takwimu zaidi ya moja za ukosefu wa ajira, na watu hubishana kila mmoja akishika yake. Vipo pia vipimo vya mtu mwenye kazi lakini saa hazimtoshi. Wewe, mwanangu, unaishi humo. Mtu akisimama mkutanoni akasema vijijini hakuna asiye na kazi kwa kuwa mashamba yapo, anasema kweli ya Novemba. Ukisema huna kazi, unasema kweli ya Machi. Mwaka wako una zote mbili, na hakuna fomu niliyoiona yenye nafasi ya kuziandika pamoja.

Hali hiyo haikuanza na wewe, na naomba unipe nafasi nikueleze, kwa sababu naona umejibebesha kosa lisilo lako.

Mimi nimekulia Masasi. Mwaka 1973/74 nchi hii ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka kusini kwetu. Serikali ikakopa na kujenga viwanda vikubwa vya kubangua, vyenye mitambo ya Italia na Japani. Baba yangu alikuwa fundi mitambo katika kimojawapo. Alikuwa analipwa kila mwezi, na sisi watoto hatukujua kwamba mwaka una miezi mizuri na miezi mibaya. Wakati viwanda vinakamilika, korosho zenyewe zilikuwa zinaondoka. Operesheni ya vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga ukayavamia maua. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi tani 16,000 na ushei. Mitambo ikasimama. Baadaye korosho zilirudi, watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, walipoonyesha kwamba salfa inaudhibiti ubwiriunga na walipotoa miche bora, lakini viwanda vingi havikurudi. Vingine vikageuzwa maghala ya kuhifadhi korosho ghafi zinazosubiri meli ya kwenda India na Vietnam.

Hapo ndipo ilipojificha Machi yako. Korosho ghafi inaweza kukaa ghalani miezi mingi, kwa hiyo kubangua ni kazi ya mwaka mzima. Korosho zikibaki, kazi inabaki. Zikisafirishwa na maganda yake, kazi ya Februari hadi Septemba inasafiri nazo. Gesi asilia nayo tuliiwekea matumaini mwaka 2013, hadi watu wakaumia na wengine kufa Mtwara kwa kudai isiondoke bila kuwaachia kitu. Bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilipokamilika 2015 tulijifunza kwamba ujenzi wake huita watu wengi, lakini uendeshaji wake unahitaji wachache sana. Nakuambia haya ili ujue kwamba kukosa kwako kipato cha Machi hakupimi akili yako wala bidii yako.

Sasa turudi kwenye milango yako.

Shamba la mjomba umelitaja kama vile ni kukubali kushindwa. Nakuomba ulipige hesabu kabla ya kulipa jina. Kilo 540 kwa bei ya 2,000 ni shilingi 1,080,000, sawa na 90,000 kwa mwezi ukiigawa kwa miezi 12. Kwa bei ya 4,000 ni 2,160,000, yaani 180,000 kwa mwezi. Bei zote mbili nimeziona kwenye minada ya kusini katika miaka kumi hii, na humo toa makato ya chama, palizi, kupogolea, kibarua wa kupuliza na mafuta ya mashine. Mchango wa wazazi, kwa ulivyoueleza, unakupa 210,000 kwa mwaka mzima. Sikusukumi popote kwa hesabu hiyo. Naona tu kwamba kitu unachokiona kama kuanguka kinaweza kukulipa mara kadhaa ya kile unachokiona kama hadhi.

Hatari zake zipo na ni za kweli. Mwaka 2018 wakulima walizikataa bei za mnadani, Serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa 3,300 na malori ya jeshi yakaja kubeba. Wako waliosubiri malipo kwa miezi. Bei yako haiko mikononi mwako. Ufuta na mbaazi vinaweza kukuzibia mapengo, kwa kuwa ufuta huvunwa kifuku kikiisha na mbaazi hufuata, lakini kumbuka mwaka 2017 India ilipozuia mbaazi, watu wa kusini walibaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Miaka ya karibuni salfa imekuwa ikigawiwa kwa ruzuku, ila ruzuku inaweza kuja na inaweza kuondoka. Ukilichukua shamba, mwulize mjomba alivyofanya miaka ambayo salfa ilikuwa ya kununua. Jibu lake litakufundisha kuliko langu.

Kuna jambo kuhusu shamba hilo linalonitia wasiwasi kuliko bei. Mjomba amekupa kwa mdomo. Sharti amelitoa kwa mdomo. Na watoto wake wameshauliza. Kwa mila ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, mpwa ana nafasi, hilo unalijua kuliko mimi. Lakini ikiwa mjomba ni Muislamu, siku ya msiba watoto wake watakuja na mirathi ya dini, na katika mirathi hiyo mtoto wa dada hana fungu watoto wakiwapo. Wosia kwa asiye mrithi hauvuki theluthi moja ya mali. Anachokukabidhi akiwa hai, mbele ya mashahidi, ni habari nyingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, na halmashauri ya kijiji inaweza kukupa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lako. Je, mjomba yuko tayari kukaa na watoto wake, mama yako na viongozi wa kijiji, na jambo likaandikwa? Pengine atakubali mara moja. Pengine utagundua kwamba alichokusudia ni umtunzie shamba tu, na hilo nalo si dhambi, ila ni mkataba wa aina nyingine na wenye malipo ya aina nyingine. Na watoto wake usiwafanye maadui kabla hujawasikia. Yule mkubwa anaweza kuwa anaogopa kusahaulika kwao kuliko anavyozitaka korosho.

Halafu lile neno "usiondoke". Umelisikia kama minyororo. Je, yeye alilisema hivyo? Mzee aliyesema shamba halitunzwi kwa simu anajua miezi ya shamba. Palizi na kupogolea vina wakati wake, salfa huanza kuelekea Juni na hurudiwa kila baada ya wiki mbili hivi hadi maua yashike, kisha kuokota. Ipo miezi ambayo mkorosho haukuhitaji kila siku. Watu wa kusini wameishi hivyo tangu zamani, wanashuka na kupanda na msimu. Jina lenyewe la machinga wengi wanasema limetoka kwetu Lindi, kwa vijana waliokwenda Dar es Salaam na bidhaa mikononi. Unaweza kumuuliza mjomba kwa adabu ni miezi ipi anayokutaka shambani bila kukosa. Sijui atasema nini. Naona tu kwamba hujamuuliza.

Dar es Salaam sasa. Mdogo wako anakupenda, la sivyo asingekuita kwenye chumba chake. Lakini barua yako haina hata tarakimu moja ya maisha yake. Anatumia kiasi gani kwa nauli ya Mbagala hadi Kariakoo? Kodi analipa ya miezi mingapi kwa mkupuo? Siku za mvua anauza nini? Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara na kupelekwa maeneo yaliyotengwa, wengine wakapoteza wateja waliowazoea. Yeye alipitaje kipindi kile? Na rafiki yake anaachia meza kwa nini? Hili la mwisho mwulize zaidi ya mara moja. Mji una faida ambayo kijiji hakina, watu hununua nguo za watoto hata Machi, na mwanamke mwenye ulimi mzuri na hesabu anaweza kusimama. Lakini mtaji huu si wa benki. Ni hela ambayo mama yako ameiweka ili asirudi kwenye kangomba. Ikiondoka yote, na mtoto akaumwa Aprili wewe ukiwa mbali, mama atakwenda kwa nani? Kama yupo atakayemsimamia, sawa. Kama ni yuleyule wa gunia moja, basi gharama ya ile meza ni kubwa kuliko 400,000.

Kuhusu mtoto sitasema neno la kukuumiza. Akina mama wengi wamewaachia bibi watoto wao, na watoto hao wamekuwa watu wazuri. Wewe tu ndiye unayejua usiku wa kwanza bila yeye utakuwaje. Mama yako amesema yuko tayari. Je, amesema hivyo kwa sababu anaweza, au kwa sababu mama hawezi kumwambia mwanawe hapana?

Ualimu umeuweka mwisho, na nahisi ndio unaokuuma kuliko vyote. Hapa kuna dhana moja naomba tuitazame pamoja. Wengi wanaojitolea wanaamini kwamba kujitolea ni foleni, kwamba aliyesimama muda mrefu ataitwa kwanza. Mimi sitakuahidi hivyo. Kinachoweza kukusaidia ni kumbukumbu: barua ya mkuu wa shule ya kila mwaka yenye vipindi ulivyofundisha na matokeo ya wanafunzi wako. Kama huna, anza kuomba wiki hii, ukienda au ukibaki. Pia usijione umezeeka. Umri wa kuajiriwa kwa mara ya kwanza serikalini ni hadi miaka 45, kwa hiyo wewe una miaka 17 mbele yako. Swali gumu ni hili: kama ungejua leo kwamba ajira itakuja ukiwa na miaka 40, ungependa kuwa unafanya nini katika hiyo miaka 12? Na kama ungejua haitakuja kabisa, je, bado ungeingia darasani asubuhi kwa 60,000 ya miezi mitatu? Ukisema ndiyo, basi kuna kitu pale unachokipenda kwa ajili yake chenyewe, na tutafute namna ya kukilinda. Ukisema hapana, si usaliti kupunguza vipindi viwe siku mbili kwa wiki ukapata nafasi ya kupumua.

Kuna mlango wa nne hukuutaja, labda kwa sababu unaonekana mdogo. Vikundi vya akina mama wanaobangua kwa mikono vipo kusini kote. Kazi ni ngumu, utomvu wa ganda unaunguza vidole na wenyewe hujikinga kwa majivu au mafuta, na soko la uhakika ndilo tatizo lao kubwa. Ila ni kazi inayoweza kufanyika Machi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi hukwama kwa kukosa mtu wa kuandika andiko, kutunza daftari na kuongea na mnunuzi wa mbali. Wewe unaandika vizuri, barua hii ni ushahidi. Lakini nenda ukiwa umeuliza waliotangulia, kwa sababu mkopo wa kikundi hulipwa na kikundi, na mwenzako akishindwa mzigo ni wenu wote.

Sasa ile ndoo. Nimefikiria sana huyo mwanafunzi wa kidato cha pili. Wewe uliona aibu kwa sababu ulijitazama kwa macho uliyomkopesha. Hujui yeye aliona nini. Alikuwa na nafasi ya kupita kimya nyuma ya mikorosho, akaja akakuamkia. Akakuita madamu, palepale shambani kwa baba yake. Inawezekana aliona mwalimu wake anafanya kazi aliyoifanya mama yake, na bibi yake, na atakayoifanya yeye likizo ya Desemba. Siwezi kukuambia usione aibu, aibu haisikii amri. Nakuomba tu usimwachie mtoto yule akuamulie unapokwenda kuishi, maana nahisi sehemu ya hamu yako ya Kariakoo ni kwamba kule hakuna atakayekukuta umeinama. Kama ndivyo, kiri moyoni kwanza, kisha pima safari kwa sababu zake nyingine.

Mjomba anataka jibu kabla ya korosho kudondoka, kwa hiyo una wiki kadhaa. Ningependa ndani ya wiki hizo ukae naye jioni moja umuulize kuhusu maandishi na kuhusu miezi. Umpigie mdogo wako siku asiyoitarajia, katikati ya juma, umwombe akusomee mauzo ya siku tatu zilizopita. Umuulize mama swali lile la "unaweza" ukiwa umekaa naye jikoni. Majibu yao yanaweza kunipinga, na mimi sitaona vibaya.

Januari mwanao atakuwa na miaka mitano na ataanza darasa la awali. Ukishampeleka kuandikishwa, niandikie. Niambie ni shule ipi, na ni nani anayemsindikiza asubuhi.